Ngalawa Isiyotoka Kwenye Gogo

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu katika Machakos ya leo, alifika Tanganyika pamoja na maelfu ya Waafrika waliochukuliwa kuwatumikia Waingereza dhidi ya Wajerumani. Huko pwani aliwakuta Wazaramo wakichonga sanamu, akajifunza kwao. Vita vilipokwisha alirudi Wamunyu na ujuzi huo, akawa anachonga na kuuza. Ndugu na majirani walimwiga, na kazi ya mtu mmoja ikawa kazi ya Ukambani nzima. Kutoka Wamunyu ilienda Nairobi, ikateremka hadi Mombasa, ambako Wakamba walianzisha chama kikubwa cha ushirika cha wachongaji.

Watu wengi hukumbuka sanamu wakausahau mti. Wachongaji walipenda mpingo na muhugu, miti migumu inayokua polepole mno. Muhugu unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kuchongeka, na tezo haingoji miongo. Kufikia miaka ya 1990 misitu ya muhugu ilikuwa imepungua hivi kwamba mashirika ya uhifadhi na watafiti wa mimea waliwaendea wachongaji kuwasihi wahamie kwenye miti ipandwayo na watu: mwarubaini, mjakaranda, mgrevilea na mwembe.

Huo mwembe ndio unaochongwa ngalawa. Fundi wa sanamu wa Wamunyu na fundi wa ngalawa wa Gazi au Nungwi huko pwani, ambao huenda wasikutane maisha yao yote, wanalitamani shina moja. Kwa mtu wa Machakos, basi, historia ya ngalawa si habari ya mbali. Ni habari ya mti unaokwisha na ya watu wanaolazimika kujiuliza kazi yao itabaki nini siku mti huo usipopatikana.

Asiyeikaribia ngalawa hudhani ni mtumbwi wenye tanga. Mwili wake kweli ni mtumbwi: gogo lililochimbwa, refu na jembamba, mara nyingi lisilozidi upana wa mtu aliyeketi. Mafundi huangusha mti, wakalipunguza gogo palepale shambani ili lisiwe zito kulivuta, kisha hulipeleka ufukweni kumalizia. Shoka hufanya kazi ya mwanzo, tezo hufuata. Fundi hupima unene wa ubavu kwa kugonga na kusikiliza, au hutoboa vitundu vidogo na kuviziba baadaye. Akiacha ubavu mnene, chombo kitakuwa mzigo kwa kila atakayekivuta ufukweni. Akiupunguza kupita kiasi, jua litaupasua. Gogo hukaushwa kivulini taratibu, na chombo kikianza kazi hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hata ukiwa mbali, ili maji na wadudu wasiingie.

Mtumbwi mwembamba namna hiyo hauwezi kubeba tanga. Upepo ukivuma kidogo tu, utapinduka. Kinachoufanya uwe ngalawa ni matengo: miti miwili inayokingama juu ya mwili wa chombo, ikatokeza mbali kulia na kushoto, na kwenye ncha zake ubao mrefu wa kuelea kila upande. Tanga likisukumwa, ubao wa upande wa chini ya upepo hukandamizwa majini na maji huurudisha juu. Kwa kuwa ubao huo umefungwa mbali na mwili, nguvu ndogo inatosha kuzuia chombo kizima kisilale. Tena mbao hizo haziwi magogo ya mviringo kama kwenye mitumbwi mingi ya Pasifiki. Ni bapa, nazo hufungwa kwa mshazari, hivi kwamba chombo kikishika mwendo maji huzinyanyua kwa kuzipiga chini. Mwendo wenyewe unazidi kuituliza ngalawa. Sijui kifaa kingine cha pwani yetu kilichobanwa akili nyingi hivyo ndani ya ubao mmoja.

Akili hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1919 James Hornell, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa uvuvi huko Madras, alichapisha makala akilinganisha ngalawa za Afrika Mashariki na vyombo vyenye matengo vya visiwa vya Indonesia. Aliirudia hoja hiyo kwa upana zaidi mwaka 1934. Alionyesha kwamba matengo ya pande mbili, yaliyoenea kwetu na Komoro, yana jamaa zao wa karibu upande ule wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1951 Otto Dahl, mmisionari wa Norway, akathibitisha kwa upande wa lugha jambo lililokuwa likidhaniwa kwa muda mrefu: Kimalagasi, lugha ya Madagaska, ni ndugu wa karibu wa Kimaanyan kinachosemwa kusini mwa kisiwa cha Borneo. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wamekuta huko Komoro na Madagaska punje za mpunga na choroko za karne ya nane hadi ya kumi, mazao ya Asia katika udongo wetu. Watu walivuka bahari nzima, wakaja na mbegu zao na namna yao ya kuweka chombo sawa juu ya mawimbi.

Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja katika pwani hii vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja. Hakitaji matengo. Ukimya wa mwandishi mmoja si ushahidi mkubwa, lakini unaenda sawa na picha ya jumla: gogo lilikuwepo, na matengo yalikuja baadaye yakalikuta.

Kisha kuna mwembe wenyewe. Mti huo asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Ibn Battuta alipokaribishwa Mogadishu mwaka 1331 alielezea maembe yaliyotiwa achari mezani pa wenyeji wake, kwa hiyo wakati huo matunda yalikuwa yamekwisha kufika angalau sehemu ya pwani. Lakini mashina manene yaliyojaa mashambani, ya kutosha kuchonga vyombo vingi, ni ya karne za baadaye, mashamba yalipopanuka. Ina maana kwamba ngalawa za kwanza za pwani hii hazikuwa za mwembe. Zilichongwa kwa miti mingine, na mwembe ulipokuwa mwingi mafundi waliuchukua kwa sababu ulikuwa karibu, mnene na mlaini kwa tezo. Matengo hayakujali. Kila anayesikitika kwamba ngalawa ya faibaglasi si ngalawa ya asili anapaswa kuikumbuka habari hii: gogo tunaloliona kuwa la asili lilikuwa geni siku moja, na mtu fulani ufukweni alilipokea.

Kamba za matengo zina hadithi kama hiyo. Zamani zilikuwa za makumbi ya nazi, leo nyingi ni za nailoni. Tanga la mkeka, lililobebwa na mtepe, chombo cha kale cha kushonwa, liliondoka, likaja la kitambaa, na sasa huonekana matanga yaliyoungwa kwa magunia ya plastiki. Gogo peke yake ndilo lililong'ang'ania, mpaka likaanza kuadimika. Mwembe mnene wa kutosha ni mti wa miaka mingi, mwenyewe anakula matunda yake na kuuza, na hauuzi kwa bei ndogo. Mafundi wameshayajibu hayo kwa njia yao: gogo jembamba zaidi likaongezwa mbao juu ya kingo, kisha sehemu nyingine zikatokea ngalawa za mbao tupu zilizopigwa misumari juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo.

Shida ya gogo kukosekana haikuwa yetu peke yetu. Huko Hawaii, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliokusudia kujenga chombo cha safari ndefu kwa miti ya kienyeji walitafuta mti wa koa misituni mwao na hawakupata wenye ukubwa na uzima wa kutosha. Hatimaye wenyeji wa asili wa Alaska waliwapa magogo mawili ya msprusi, miti yenye umri wa miaka ipatayo 400, na kwa hayo kikachongwa chombo kiitwacho Hawaiʻiloa, kilichoshushwa majini mwaka 1993. Miaka kumi na minane kabla yake, mwaka 1975, Wahawaii walikuwa wameshusha chombo kingine, Hōkūleʻa, chenye miili miwili na urefu wa mita 19 hivi. Hicho hakikungoja magogo. Kilijengwa kwa plaiwudi, faibaglasi na resini, kwa umbo la kale. Mwaka uliofuata kilisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti kikiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, aliyesoma nyota na mawimbi bila dira. Safari ile ilirudisha heshima ya mabaharia wa Pasifiki duniani kote. Waliokuwa ufukweni Tahiti kuwapokea hawakuuliza gundi ya chombo ni ya kiwandani au ya mti.

Faibaglasi yenyewe ni kijana. Nyuzi nyembamba za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi viwandani Marekani miaka ya 1930, na mwaka 1942 Ray Greene wa jimbo la Ohio alijenga mashua ndogo kwa nyuzi hizo zilizoloweshwa resini ya poliesta. Kioo kinavunjika, resini inapasuka, lakini vikishikana kimoja hufunika udhaifu wa mwenzake: nyuzi hubeba mvuto, na resini huzishika mahali pake na kugawa mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashua za namna hiyo zilikuwa zikitolewa kwa kalibu, moja baada ya nyingine, zote sawa.

Hata hivyo faibaglasi tupu si nyepesi sana. Wepesi wa kweli ulikuja na namna ya kujenga kwa matabaka matatu: ganda jembamba nje, ganda jembamba ndani, na katikati kiini chepesi cha povu gumu au mti wa balsa. Ubao ukipindwa, upande mmoja huvutika na mwingine hubanwa, na katikati hakuna kazi kubwa. Basi weka nguvu pembeni, katikati weka kitu chepesi cha kuyatenganisha maganda. Unene una malipo makubwa: bapa la kitu kilekile likizidishwa unene mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupindwa huongezeka mara nane. Fundi anayepunguza ubavu wa gogo kwa tezo anapigana na hesabu hiyo kila siku, kwa sababu kila milimita anayoondoa kupunguza uzito inamgharimu ugumu. Mjenzi wa matabaka anapata unene bila kuubeba.

Njia nyingine ilikuwa ya watu wasio na kiwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Uingereza, Barry Bucknell na Jack Holt walibuni mashua ndogo iitwayo Mirror, ambayo mtu angeweza kuijenga nyumbani. Vipande vya plaiwudi vilitobolewa kingoni na kushonwa kwa waya wa shaba, kisha mishono ikafunikwa kwa utepe wa faibaglasi na resini. Zaidi ya 70,000 zilijengwa. Msomaji wa pwani ataitambua kazi hii bila kuambiwa. Mtepe wa Lamu ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za mnazi, bila msumari, kwa karne nyingi kabla ya Bucknell kuzaliwa.

Matengo nayo yaliingia katika dunia hiyo mpya. Victor Tchetchet, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani, alijenga katika miaka ya 1940 mashua zenye mwili mmoja na vielea viwili, mpangilio uleule wa ngalawa, kwa plaiwudi. Dick Newick, aliyekuwa akijenga mashua katika kisiwa cha St Croix, Karibiani, alichukua wazo la Pasifiki na kuunda Cheers, chombo chepesi cha mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja. Mwaka 1968 Tom Follett alikiendesha peke yake kuvuka Atlantiki katika mashindano kutoka Plymouth hadi Newport, akamaliza wa tatu kwa siku 27, akiziacha nyuma mashua kubwa na ghali zaidi. Baada ya hapo matajiri wa mashindano ya bahari walianza kulipia vyombo vyenye matengo vya nyuzi za kaboni. Leo hivyo ndivyo vyenye kasi kuliko vyote katika bahari kuu. Inaniuma kidogo kwamba sifa hizo zinapohesabiwa, wavuvi wa Msambweni na Mafia hawatajwi, ingawa wao na babu zao wameuishi mpangilio huo bila kuuacha.

Kwetu Kenya jaribio la kujenga kwa kitu kisicho mti lililojulikana zaidi lilikuja kwa njia ya plastiki. Septemba 2018, Lamu, ilishushwa jahazi iitwayo Flipflopi, yenye urefu wa mita 9, iliyojengwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyookotwa, tani zipatazo kumi, na kuvishwa maelfu ya vipande vya ndara. Mwanzoni mwa 2019 ilisafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500, na mwaka 2021 ikazunguka Ziwa Viktoria. Ilishushwa mwaka mmoja tu baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, Agosti 2017. Watu wa Machakos wamo ndani ya habari hiyo, kwa kuwa Mto Athi unaopita kwetu ndio unaoitwa Galana na kisha Sabaki, na humwagia baharini kaskazini ya Malindi chochote tulichoutupia.

Flipflopi ilithibitisha mkono wa Skanda. Haikuwa nyepesi, wala haikukusudiwa iwe. Plastiki ya mitungi hupindika kwa urahisi takribani mara kumi kuliko mbao, kwa hiyo mkuku na mataruma yake lazima yawe manene. Ngalawa haiwezi kujengwa hivyo. Matengo yanaishi kwa wepesi.

Tuseme basi fundi anataka kujenga ngalawa ya majaribio kwa plaiwudi nyembamba, nyuzi na resini. Mwili ataushona kwa waya, atafunika mishono kwa utepe wa faibaglasi, na ndani ataupaka epoksi ili plaiwudi isinywe maji. Mbao za kuelea atazifanya za povu gumu lililovishwa nyuzi, akiacha umbo bapa na mshazari wa kale. Miti ya kukingama ndiyo itakayomtia majaribuni. Atataka kuikaza kwa bolti za chuma, na hapo ataharibu. Wimbi likipiga ubao wa upande mmoja, fundo la kamba hulegea kidogo, likameza pigo, likarudi. Bolti hailegei, hivyo pigo lote huishia kwenye tundu lake na ganda jembamba hupasuka hapo. Baadhi ya wajenzi wa ng'ambo walianza kwa vyuma wakarudi kwenye kamba.

Jambo la pili ni kuzama. Gogo la mwembe likijaa maji bado linaelea, na mvuvi hulishikilia hadi apate msaada. Faibaglasi tupu ikijaa hushuka chini. Chombo cha majaribio lazima kiwe na vyumba vilivyozibwa mbele na nyuma, vyenye povu, na hilo lijaribiwe kwa kukijaza maji kwa makusudi kabla mtu hajapanda. Tena chombo chepesi mno kina kasoro yake wakati wa kubisha: kikigeuzwa dhidi ya upepo hukosa msukumo wa kukivusha, kikasimama. Mafundi wa pwani wanajua kutumia uzito kama mshirika, na hapo wana la kuwafundisha wahandisi.

Hata nyuzi zinaweza kutoka Ukambani. Kina mama wa Machakos husokota nyuzi za mkonge kwa vyondo, na watafiti wamezijaribu mara nyingi ndani ya resini. Ni nyepesi kuliko za kioo. Haziwashi ngozi wala hazitoi vumbi lile linalokaa mapafuni. Udhaifu wake ni kwamba hunywa maji, na ncha zilizokatwa zikiachwa wazi huoza kutoka ndani. Mimi ningeanza nazo kwenye mbao za kuelea, ambazo hubadilishwa kwa urahisi, na kuuacha mwili wa chombo kwa kioo.

Mahali pa kujaribia papo: bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililokamilika 1981, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 120 na upepo wa wazi. Mamba na viboko wamo, kwa hiyo kujaribu kupinduka kufanywe kwa uangalifu na mbali na makao ya viboko. Ikumbukwe pia kwamba maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia mbili na nusu hivi. Ngalawa iliyokaa sawa Masinga itapanda kidogo ikifika Gazi, na mbao za matengo zitagusa maji kwa namna nyingine. Pembe ya ubao itabidi ipimwe upya huko, kwenye chumvi, na mtu aliyeshika usukani wa ngalawa ya gogo.